Ni Mmoja Wao?

Mwenye nyumba wangu aliniuliza swali hili tukiwa kwenye ngazi, ghorofa ya tatu, mkono mmoja ameshika funguo na mwingine mfuko wa takataka. Ilikuwa Septemba, mwanzo wa mwaka wangu wa pili Budapest. Chumba kilichopakana na changu kilikuwa kimebaki wazi, na mimi ndiye niliyemleta rafiki yangu kukiangalia. Alikuwa amekipenda, ameuliza kodi, ameaga kwa adabu, anateremka. Yule mama, mjane wa miaka sabini na ushei ambaye wapangaji wote tunamwita néni, yaani shangazi, alimfuata kwa macho mpaka alipopinda huko chini, kisha akanisogelea na kushusha sauti.

"Cigány?"

Ndilo jina ambalo Wahungaria huwaita Waroma. Waroma wengi wa huku hulitumia wenyewe bila tatizo, lakini likinong'onwa kwenye ngazi lina maana moja tu.

"Nem," nilisema. Hapana.

Kihungaria changu ni cha kuchechemea. Kila sentensi nasimama katikati kutafuta mwisho wa neno. Lakini hilo lilitoka safi, kama la mzaliwa wa hapa. Néni alishusha pumzi, akanipigapiga mkono. Wiki iliyofuata rafiki yangu alihamia na masanduku mawili na mlimau mdogo ndani ya chungu.

Tangu siku ile najiuliza nilifanya nini pale. Kwamba nilisema uongo, hilo halina ubishi. Ninachotaka kujua ni nilimsaidia nani.

Niseme kwanza Waroma ni akina nani, maana nyumbani Mombasa nikilitaja jina hili watu hufikiria Warumi wa Biblia, au wale "majipsi" wa filamu wenye hereni kubwa na tufe la kioo la kupigia ramli. Ni watu ambao lugha yao, Kiromani, ni ndugu wa Kihindi na Kigujarati. Mababu zao walitoka kaskazini mwa Bara Hindi takriban miaka elfu moja iliyopita, wakapitia Uajemi, Armenia na nchi za Wagiriki, wakatawanyika Ulaya nzima. Kwenye nchi ambazo leo ni Rumania walikuwa watumwa wa kununuliwa na kuuzwa, wakaachiwa huru mwaka 1855 huko Moldavia na 1856 huko Wallachia. Wanazi waliwaua kwa mamia ya maelfu. Leo wanakadiriwa kuwa milioni 10 hadi 12, na mara nyingi hutajwa kuwa jamii kubwa kuliko zote za wachache barani Ulaya.

Kwenye semina yetu ya sera za jamii walipewa saa moja na nusu. Mhadhiri aligawa ubao kwa mstari, upande mmoja akaandika "mila", upande wa pili "ujumuishwaji", akatuomba tupendekeze namna ya kupata mizani. Tukapendekeza. Mimi nilikuwa na maoni matatu, nakumbuka, yote mazuri. Rafiki yangu alikuwa amekaa safu ya nyuma akichora visanduku kwenye daftari, hakusema neno. Darasani hakuna aliyejua kwamba ni Mroma. Wengi walidhani ana damu ya Kihispania, naye hakuwasahihisha. Jioni ile, kwenye tramu namba 6, aliniambia. Tukavuka daraja la Petőfi kimya. Mpaka leo sijui kwa nini alinichagua mimi. Nadhani alifikiri mtu mweusi ataelewa.

Nami nilikuwa naelewa nini? Mtaa tunaokaa, wilaya ya nane, una Waroma wengi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nimeshajifunza kuhamisha mkoba bega la pili nikiona vijana wao wamekaa kwenye ngazi za duka. Hakuna aliyenifundisha, niliokota tabia hiyo kama mtu anavyookota lafudhi. Na néni alipokuwa akiniambia, "Wewe ni mwafrika lakini ni msafi, mtulivu, si kama hawa," nilikuwa nacheka kidogo na kushukuru. Nilishukuru hasa. Katika nchi ambayo watu hunitazama kwenye basi mpaka nishuke, ilikuwa raha kugundua kwamba kuna mwingine wa kutazamwa vibaya kuliko mimi. Naandika sentensi hii kwa aibu, lakini bila yake hadithi ya ngazi haieleweki.

Mwaka 1797 Kant aliandika insha kuhusu mtu aliyemficha rafiki yake nyumbani. Muuaji anabisha hodi, anauliza kama yule rafiki yumo ndani. Kant anasema hata hapo usidanganye. Wanafunzi wengi hulisoma jambo hilo na kuona mzee amepotoka, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini tazama tofauti. Wa kwenye mfano ule anauliza ili aue. Néni aliuliza ili apangishe. Na mimi sikuwa namficha rafiki asitolewe nje, nilikuwa namficha ili aingie. Basi kila siku atakayoishi humo ndani, ataishi ndani ya "hapana" yangu.

Hungaria ina sheria ya mwaka 2003 inayokataza ubaguzi. Sheria hiyo haipandi ngazi za jengo letu. Rafiki yangu alikuwa amekataliwa vyumba vinne majira yale ya joto, viwili kwa simu, baada ya kutaja jina lake la ukoo. Ningesema "ndiyo", kingekuwa cha tano.

Mapema Novemba, sikukuu ya kuwakumbuka marehemu, alinichukua kwao. Treni kutoka stesheni ya Nyugati hadi Nyíregyháza, kaskazini mashariki, halafu basi, halafu miguu. Lami ilikwisha kabla ya nyumba za Waroma kuanza. Kona ile kulikuwa na bomba la maji la umma, la chuma, limepakwa rangi ya buluu, na watoto wawili na ndoo. Alikuwa ameniambia nivae sketi ndefu kwa heshima ya mama yake. Sina sketi ndefu, kwa hiyo juu ya suruali nilijifunga leso.

Mama yake alilishika pindo la leso kabla hajanishika mkono. Akauliza maandishi yanasemaje. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikatafsiri kupitia kwa binti yake. Alicheka mpaka akakaa. Kisha akasema kitu ambacho rafiki yangu alisita kunitafsiria: kwamba wao wamekuwa wageni hapa miaka mia sita na mwenyeji bado mgonjwa.

Kuna mambo mawili ya siku ile.

La kwanza ni beseni. Baada ya kula nilisimama kusaidia, nikaona beseni la maji ya moto na vyombo pembeni, nikazamisha mikono kuinawa kwanza. Chumba kilinyamaza. Mama hakusema kitu. Alilichukua lile beseni, akalitoa nje, akarudi na lingine. Baadaye rafiki yangu alinieleza. Beseni la vyombo ni la vyombo. La mikono ni jingine, la nguo ni jingine, na nguo za kiunoni kushuka chini hazifuliwi pamoja na za juu. Kilichochanganywa kinakuwa marime, na hakirudi mezani. Sikuhitaji maelezo marefu. Nimelelewa na bibi ambaye birika la chooni likipita tu kwenye mlango wa jikoni, dua zinasomwa. Tohara na najisi nilizijua kabla sijajua kusoma. Nilichotaka ni ardhi ipasuke nizame.

Lakini fikiria. Neno la kwanza ambalo Wahungaria niliowasikia hulitumia wakizungumza juu ya Waroma ni "wachafu". Na hawa ni watu wenye sheria za usafi ambazo wengi wa majirani zao wasingeweza kuzifuata hata siku tatu. Mezani kwa mama yule, néni wangu, anayenawia mikono kwenye sinki ya vyombo, ndiye angekuwa najisi. Agosti 2013, katikati ya joto kali, halmashauri ya mji wa Ózd ilifunga au kupunguza maji kwenye mabomba ya umma yaliyotegemewa na mitaa ya Waroma. Unamfungia mtu maji, halafu unamnusa.

La pili ni sahani. Mama alikuwa akipanga meza, anahesabu kwa sauti: jekh, duj, trin, shtar, panzh. Nikainua kichwa. Shule ya msingi niliketi dawati moja na mtoto wa Kigujarati aliyenifundisha kuhesabu ek, be, tran, char, panch, tukibadilishana na peremende. Nilimrudishia mama yule hesabu hiyo, na safari hii yeye ndiye aliyeinua kichwa. Akaendelea: shov, efta, oxto, inja, desh. Hapo katikati nikapotea. Efta, oxto, inja hazikufanana na chochote nilichokijua. Rafiki yangu akasema hizo ni za Kigiriki. Waliziokota njiani, wakati wa kupita kwa Wagiriki, na hawakuziacha tena. Hata neno lao la njia, drom, ni la Kigiriki.

Nikamwandikia zetu kwenye karatasi. Moja, mbili, tatu, nne, tano ni za Kibantu. Sita, saba, tisa ni za Kiarabu. Saba na tisa, zilezile mbili zilizokopwa na wao pia. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Kiswahili kilipoteza asili yake siku kilipojifunza kusema saba. Wala sijawahi kusikia mtu akiuliza kama mama yule, anaposema efta, yuko upande wa mila au wa ujumuishwaji kwenye ule ubao wetu.

Na ubao ule una historia ndefu kuliko mhadhiri wetu alivyoonyesha. Kati ya 1758 na 1773 Maria Theresa alitoa amri moja baada ya nyingine: Waroma waache farasi na mikokoteni, wakae vijijini, jina lao lifutwe na waitwe "Wahungaria wapya". Amri ya mwisho ilikataza Mroma kuoa Mroma na kuagiza watoto wachukuliwe wakalelewe na wakulima. Mwanawe, Joseph wa Pili, akaongeza viboko kwa atakayesema Kiromani. Mwaka 1961 chama cha kikomunisti kiliamua kwamba Waroma si taifa dogo lenye lugha na utamaduni wake, ni tatizo la umaskini tu, dawa yake ni ajira. Babu wa rafiki yangu alipata ajira hiyo. Miaka ishirini alipanda ile treni iliyoitwa "treni nyeusi", iliyowabeba vibarua wa mashariki kwenda Budapest Jumatatu na kuwarudisha Ijumaa. Alijenga magorofa ambayo mjukuu wake amenyimwa vyumba. Mwaka 1971 zaidi ya asilimia 80 ya wanaume wa Kiroma wenye umri wa kufanya kazi walikuwa na kazi. Mwaka 1993, viwanda vimefungwa, chini ya thuluthi moja.

Halafu kuna Waromungro, ambao ndio wengi zaidi kati ya Waroma wa Hungaria. Lugha waliiacha vizazi vingi vilivyopita, wanasema Kihungaria tu, na ule muziki wa fidla ambao watalii huletewa mezani kama roho ya Hungaria ulipigwa na wao. Walilipa bei yote iliyotajwa. Bado ni cigány. Nikifika hapa ndipo ninapokosa subira na neno "mizani". Mizani ina pande mbili, na hapa ni upande mmoja tu uliokuwa ukiondolewa vitu.

Nilikuwa tayari kuisimamisha insha hii hapo. Ingekuwa insha safi, nami ningetoka humo mtu mwema. Ila pale mezani alikuwapo binamu.

Alikuwa na miaka 16. Aliacha shule Juni, mara tu sheria ilipomruhusu. Tangu mageuzi ya 2012 umri wa lazima wa kusoma umeshuka kutoka 18 hadi 16. Alikuwa ameposwa. Alikuwa mchangamfu, mwenye kucha za rangi ya zambarau, aliyetaka kujua kama Kenya kuna baridi. Nilipouliza kwa upole kuhusu shule, mama alijibu bila kukasirika. Darasa lao lilikuwa la Waroma watupu, kwenye jengo la nyuma. Mtoto alikuwa akirudi analia. Mvulana wa jengo la mbele alimfanyia jambo, mwalimu akasema yeye ndiye aliyemchokoza. Bora awe kwa mume anayejulikana kuliko huko. Nilitikisa kichwa kukubali. Niliijua kesi ya mwaka 2013, ambapo mahakama ya Strasbourg iliwapa haki vijana wawili wa Kiroma wa Nyíregyháza hiyohiyo, waliokuwa wamepelekwa shule ya wenye upungufu wa akili kwa vipimo visivyowafaa. Nikaanza kueleza kwamba kinachoitwa mila mara nyingi ni ukuta uliojengwa na watu waliopigwa mawe.

"Usitutetee sana," rafiki yangu alinikata, kwa Kiingereza, huku anatabasamu ili mama yake asishtuke. "Huyu si ukuta. Ni msichana. Alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, na hakuna aliyemuuliza anataka nini, si shule wala sisi."

Akaendelea kumenya chungwa. Yeye mwenyewe, nilikuja kujua, alikataa posa akiwa na miaka 17. Baba yake hakusema naye kwa miaka miwili.

Nilinyamaza, na kwa sababu kimya kilikuwa kirefu nikafanya kosa la kutaka kuchekesha. Tukiwa tunafuta vyombo nilimsimulia habari ya ngazi. Jinsi néni alivyonong'ona, jinsi nilivyosema "nem" kama Mhungaria wa kuzaliwa. Nilidhani tutacheka pamoja. Aliweka sahani chini taratibu.

Alisema kitu kwenye treni tu, tulipokwisha pita Debrecen.

"Hukunificha mimi. Umemficha mama yangu."

Nikamkumbusha kwamba chuoni anajificha mwenyewe. Kwamba simu ya mama yake ikilia kwenye maktaba anapokea kwa Kihungaria. Nilikuwa na hasira, ile hasira ya mtu aliyetegemea asante.

"Nikijificha mimi, najua nimejificha wapi na naweza kutoka," alisema. "Wewe ulikubaliana naye. Alikuuliza kama mimi ni uchafu, ukamwambia hapana, huyu si uchafu. Hukumwambia swali lake ni baya."

"Na chumba?"

"Chumba nilikitaka," alisema. "Ndiyo maana nina hasira."

Nimelipindua jibu hilo huku na huko na sijapata pa kulivunja. Lina mambo mawili ambayo hayapatani na yote ni kweli. Bila uongo wangu angekuwa bado anapiga simu za matangazo ya vyumba. Kwa uongo wangu, néni anaamini mpaka leo kwamba ana jicho la kuwatambua, na kwamba nyumba yake haijawahi kukaliwa nao; kila adabu ya rafiki yangu, kila kodi iliyolipwa mapema, inahesabiwa kwenye hesabu ya watu wengine. Watu wangapi wa aina yake wamo kwenye majengo haya, wamefichwa vizuri, huku wale vijana wa kwenye ngazi za duka wakibaki kuwa sura pekee ya kabila lao? Ukimwingiza mmoja kwa kumkana, wengine umewafungia mlango kwa mkono uleule. Hivyo ndivyo ninavyofikiri. Lakini mimi si niliyekuwa nimekataliwa vyumba vinne.

Februari alianza kupokea simu za mama yake jikoni, mlango wazi, kwa Kiromani. Hakuniambia kwamba ataanza. Siku ya kwanza nilikaa chumbani kwangu nikisikiliza sauti ikipanda na kushuka, cheko, kisha hesabu ya kitu fulani, shov, efta, oxto, nikijua kwamba néni hupanda Alhamisi kuchukua kodi, na kwamba leo ni Alhamisi.

Alinikuta kwenye ngazi, natoka. Akasimama, akasikiliza, uso umekunjana.

"Anasema lugha gani huyo rafiki yako?"

Nilikuwa na jibu tayari. Kihispania. Lilikuwa kwenye ulimi, na lingetoka safi kama lile la kwanza.

"Muulize mwenyewe, néni," nilisema. Inawezekana huo nao ulikuwa woga, wa aina nyingine.

Néni aliugeukia mlango wa jikoni. Ndani, sauti ilikuwa imenyamaza.